Sababu ya Tano

Watu wa foleni walimwita Bi Vidole, naye hakuona ubaya. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameketi kwenye meza ya tatu ya ofisi ya vitambulisho, akishika mikono ya watu asiowajua kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Alikibana kila kidole juu ya kioo kidogo chenye taa ya kijani na kusema tulia, usisukume, niachie mimi. Watu wazima wenye vyeo vyao walimwachia, wakawa watoto kwa dakika tano. Mwashi alimtambua kabla hajafungua mdomo, maana saruji ilikuwa imemla ncha za vidole mpaka mashine haikuona cha kusoma. Mpishi alikuwa na makovu ya mvuke. Msusi alikuja na vidole vilivyokaushwa na dawa za nywele, na kwa ajili ya watu kama hao droo ya Bi Vidole haikukosa kopo la mafuta ya kujipaka. Walimu walikuwa na vidole safi na maswali mengi.

Kadi yenyewe ilipoanza ilikuwa kitu cha kuonyesha getini, basi. Baadaye ikaungwa na laini ya simu, ikafuata zahanati, shule, benki, na mwisho mikataba ya nyumba. Kila hatua ilitangazwa kuwa ya kumrahisishia mwananchi maisha, na tuseme haki, ilimrahisishia. Ambalo matangazo hayakulitaja ni kwamba mtu akimwandikisha mtoto shule mpya, au akipanga chumba mji mwingine, anwani yake ilijibadilisha yenyewe kwenye faili lake, na faili hilo karani yeyote wa ofisi yoyote aliweza kulifungua akiwa na namba tu. Mtu angeweza kuhama kimyakimya bila kumuaga hata jirani wa ukuta mmoja, na kadi iliyomo kwenye pochi yake ikamsemea.

Ofisini kulikuwa na sheria, halafu kulikuwa na namna ya kufanya kazi. Sheria ilibandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: mtumishi akiinuka, hata kwa dakika moja, aichomoe kadi yake kwenye mashine. Namna ya kufanya kazi ni kwamba hakuna aliyechomoa. Mashine ikichomolewa kadi ilizima, ikizima ilichukua dakika nane kuamka, na dakika nane mbele ya watu sitini waliokaa kwenye mabenchi tangu alfajiri ni kutafuta matusi. Kwa hiyo kadi za makarani zilishinda ndani ya mashine tangu kufungua mpaka kufunga, watu wakienda chai, wakienda chooni, na aliyekuwa na haraka alitumia mashine ya mwenzake bila kuomba. Siku mkaguzi alipotarajiwa, wote walichomoa.

Mambo yalikwenda hivyohivyo kwa orodha ya sababu. Kidole kisiposomeka, mashine ilimtaka karani achague sababu: moja, kazi; mbili, ajali; tatu, ugonjwa; nne, kuzaliwa hivyo; tano, kuumizwa na mtu. Kwenye semina walifundishwa kwamba sababu ya tano ina kazi yake maalumu. Ukiichagua, mashine inafungua kurasa nne za maswali, aliyeumiza ni nani, ana uhusiano gani na mwenye kadi, shahidi ni nani, na ukimaliza kuzijaza faili linafungwa. Anwani, simu, shule ya mtoto, vyote vinafichwa, na hakuna karani wa meza yoyote atakayeviona tena, labda makao makuu kwa barua. Ilikuwa semina nzuri na chakula kilikuwepo. Lakini kurasa nne ni robo saa nzima, na mkuu wa ofisi alikuwa na ubao wake wa kuandika kila meza imehudumia watu wangapi kwa siku. Basi makarani wote waliandika mbili. Kwa mujibu wa mashine zile, nchi nzima ilijaa ajali za kutisha, na hakuna mtu aliyewahi kupigwa.

Miaka miwili nyuma, wifi yake, mke wa kaka yake, alikaa kwenye kiti cha wateja mbele yake. Walitaniana kama kawaida yao, wifi akitaka picha imtoe mnene kidogo ili wabaya wake wafe kwa kijicho. Ilipofika zamu ya mkono wa kulia, kidole cha pete kilikataa. Kilikuwa kimepinda kwenye kiungo cha juu na hakikulala kwenye kioo hata kilipobanwa, na mashine ikauliza sababu.

Bi Vidole hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga kidole kile kwa kitambaa cha jikoni. Alikuwa sebuleni kwa kaka yake, Jumapili mchana, mtoto wao amemlalia mapajani, aliposikia mlango wa chumbani ukifungwa juu ya kitu, ukafunguliwa, ukafungwa tena. Kwa muuguzi walisema ni mlango, na kweli ulikuwa mlango. Muuguzi hakuuliza nani alikuwa ameushika. Sasa wifi alimtazama, akageuka kutazama foleni, akasema kwa sauti ya chini, "Andika ajali, wifi. Tusirefushe."

Bi Vidole akaandika mbili. Alisikia afueni wakati ule, afueni kubwa, kwa sababu jina la kaka yake halikuingia popote. Baadaye aliionea aibu afueni hiyo, lakini aibu haibadilishi faili.

Kaka yake huyo alikuwa fundi wa friji na viyoyozi, na mji mzima ulimwita Fundi Baridi. Ni vigumu kumweleza bila kumpendelea. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akaenda kubeba friji za watu mgongoni ili mdogo wake amalize yake, na hakuwahi kumsimanga kwa hilo hata siku moja. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusaidia, mtu wa kuitwa saa yoyote. Mafundi wenzake walimsifu kwamba haachi kazi nusu: akifungua kifuniko cha kitu chochote, skrubu alizipanga kwa mstari juu ya kitambaa cheupe, na kitambaa hakikunjwi mpaka ya mwisho irudi mahali pake. Nyumbani kwake hasira zilimpanda ghafla, na zilipomshuka alinunua matunda.

Wifi aliondoka asubuhi moja akiwa na begi moja na mtoto. Mtoto alikuwa na miaka sita na wote walimwita Mashavu, kwa sababu zinazoonekana. Namba ya simu ya wifi ikafa siku hiyohiyo. Miezi mitatu ikapita, na Bi Vidole, ambaye hakujaliwa mtoto, alijikuta anamkosa Mashavu vibaya sana, hasa namna alivyokuwa akiliita "shangazi" kwa kulivuta mpaka pumzi inamwishia. Kwa wifi alishukuru moyoni kwamba ameondoka. Hakumwambia mtu yeyote shukrani hiyo.

Jumatano moja mama yao aliwaita wote wawili nyumbani kwake. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, dalili kwamba ni kikao na si chai. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alisema hali itaendelea hivyo taratibu. Mama alisema hataki ugomvi wala hataki kujua nani alimfanya nani nini. Anataka kumwona mjukuu wake kabla macho hayajamkatalia. Na kwa kuwa binti yake anakaa mbele ya mashine inayojua kila mtu alipo, haoni tatizo liko wapi.

Bi Vidole alieleza kwamba imekatazwa. Mama akauliza ni sheria gani hiyo ya kumkataza bibi kumwona mjukuu wake, na kama aliyeitunga hakuzaliwa na mwanamke. Fundi Baridi alikuwa ameinamisha kichwa muda wote huo, akisugua kiganja kwa dole gumba.

"Muache, mama," alisema. "Ana kazi yake, asije akaipoteza kwa ajili yangu." Kisha akamgeukia dada yake. "Mimi simfuati mtu. Nataka tu kujua kama wazima. Ukiniambia wazima, nitalala."

Angekuwa amefoka, kumkatalia kungekuwa rahisi. Bi Vidole alisema hapana mara ya pili, akanywa chai iliyopoa, akaondoka akiwa amewaudhi wote wawili.

Kesho yake, Alhamisi, foleni ilipolegea mnamo saa saba, aliandika namba ya kadi ya wifi yake. Alikuwa anaijua kwa kichwa tangu siku aliyomsajili. Alijiambia anataka tu kujua kama wazima, kisha atafunga na hatamwambia mtu, na kweli ndivyo alivyokusudia. Faili lilifunguka mara moja, maana halikuwa na kitu cha kulizuia.

Walikuwa mji wa mbali, mwendo wa saa nne kwa gari. Chumba kimoja nyuma ya gereji, namba ya nyumba, namba ya chumba. Wifi alikuwa ameajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali. Namba mpya ya simu ilikuwepo. Mashavu alikuwa darasa la kwanza, zamu ya asubuhi, na alikuwa amepelekwa zahanati mara mbili kwa kikohozi. Picha aliyopigwa shuleni ilikuwa pembeni ya ukurasa: amekatwa nywele, anacheka, na jino la mbele halipo. Bi Vidole alilitazama lile pengo mpaka machozi yakamlengalenga. Akafunga faili, akamwita mteja aliyefuata, akaendelea kubana vidole vya watu akiwa na furaha ambayo hakuitegemea.

Mashine zile zilikuwa na orodha ya mafaili mia moja ya mwisho kufunguliwa, upande wa kushoto. Iliwekwa ili mteja akitoka kwenda kutoa nakala ya cheti, karani asihangaike kumtafuta upya. Bi Vidole alikuwa akiitazama orodha hiyo kila siku, na kwa sababu hiyo alikuwa ameacha kuiona.

Ijumaa asubuhi Fundi Baridi aliingia ofisini na ngazi begani. Ukumbi ule haukuweza kukaa bila kiyoyozi, kwani joto liliziua mashine, na yeye ndiye aliyekihudumia kila baada ya miezi mitatu. Siku yake ilikuwa haijafika, lakini alisema anapita tu kuosha chujio. Makarani walimchangamkia kama mtu wa familia. Aliyemchangamkia zaidi alikuwa karani wa meza ya nne, mtu mpole mwenye tumbo na huruma, ambaye ofisi nzima ilimwita Jirani. Jirani alikuwa na friji nyumbani iliyofufuliwa na Fundi Baridi mara tatu, na habari ya mke aliyetoroka na mtoto alikuwa ameisikia kwa kirefu, kutoka kwa mwenyewe, akiwa amemshikia kikombe.

Kiyoyozi kilikuwa juu ya meza ya tatu. Kaka alipanda ngazi, dada akaendelea na kazi chini yake, wakasalimiana vizuri. Bi Vidole aliona uzito kati yao, akauita uzito wa Jumatano, akaacha. Saa nne, wakati wa chai, mkuu wa ofisi alimwita chumbani kwake aeleze kwa nini hesabu ya meza ya tatu ilishuka jana mchana. Aliinuka kama alivyoinuka kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Kadi yake ilibaki ndani ya mashine.

Aliporudi, alichokiona kwanza ni skrubu. Zilikuwa nane, zimepangwa kwa mstari juu ya kitambaa cheupe kwenye kizingiti cha dirisha, na kiyoyozi kiko wazi, nyaya nje, ngazi imesimama peke yake. Mwenyewe hayupo. Alimjua kaka yake, na kaka yake hakuwahi kuacha kazi nusu.

Jirani alikisogeza kiti chake karibu, uso unang'aa kwa wema. Alimwambia kwamba amemtoa aibu. Alijua kuwa yeye, kama dada, mambo ya familia yanamfunga mikono, na kaka alikuwa pale juu ya ngazi amenyong'onyea mpaka huruma. Basi yeye Jirani ndiye aliyemchapishia faili la mkewe.

"Wala sikuhangaika kutafuta," Jirani alisema. "Faili lilikuwa kwenye orodha yako. Nikajua hata wewe ulikuwa unataka, ila unaogopa."

Alimuuliza ametumia kadi ya nani. Jirani alijibu kwamba mashine yake ilikuwa na mteja, kwa hiyo ametumia hii. Akaongeza kwamba Fundi alilia, mwanaume mzima, akaikunja karatasi akaitia mfukoni na kuondoka na gari lake palepale, hata vyombo hakukusanya.

Bi Vidole hakumgombeza. Aliketi. Hakuna siku aliyokuwa amemchukia mtu kwa wema wake, na alishangaa jinsi ilivyo chuki nyepesi, isiyo na mahali pa kushika. Karatasi ile ilikuwa na kila kitu: gereji, chumba, shule, saa ya kutoka shule. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Kaka yake angefika kabla ya saa tisa, na Mashavu alikuwa anatoka saa saba.

Alilifungua faili kwa mara ya pili, akanakili namba ya simu kwenye kiganja, akatoka hadi nyuma ya jengo, penye tangi la maji. Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, alisikia mashine za kufulia zikivuma, na mtu asiyesema kitu.

"Wifi, ni mimi."

"Nani amekupa namba hii?"

Bi Vidole alisema yote bila kuyapamba. Kaka ana anwani, yuko njiani tangu saa nne na robo, ana jina la shule. Amchukue mtoto sasa hivi na asirudi chumbani. Wifi hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza ni gari lilelile au jingine, akaambiwa lilelile jeupe. Kisha akauliza kaka amejuaje, na hapo Bi Vidole alieleza habari ya kadi iliyoachwa kwenye mashine, na orodha, na kwamba faili lilikuwa kwenye orodha kwa kuwa yeye alilifungua Alhamisi.

"Kwa hiyo uliyeanza kunitafuta ni wewe," wifi alisema.

"Nilitaka tu kujua kama wazima."

"Na yeye si ndivyo alivyokuambia?"

Maneno yalikuwa yaleyale, hata mpangilio wake. Wifi alikuwa tayari anatembea, pumzi yake ikikatikakatika, mlango ukafunguliwa mahali, kelele za mashine zikaisha.

"Nitamchukua mtoto, nitahama," alisema. "Halafu? Chumba wanataka kadi. Shule wanataka kadi. Niambie wewe unayekaa hapo, wifi, niende wapi ambako hutaniona?"

Hakungoja jibu. Simu ilikatika, na Bi Vidole akafuta kiganja kwa mate na upindo wa nguo mpaka wino ukatoka.

Alirudi mezani. Mteja ambaye zamu yake ilikuwa imefika alikuwa ameshakaa, mzee mmoja na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki, na Bi Vidole alimwomba radhi, akamwambia angoje kidogo. Akalifungua faili mara ya tatu. Alishuka mpaka mkono wa kulia, kidole cha pete, sababu. Aliifuta mbili, akaandika tano.

Kurasa nne zikaja. Aliyeumiza: akaandika majina matatu ya kaka yake na namba yake ya kadi, ambayo nayo aliijua kwa kichwa. Uhusiano na mwenye kadi: mume. Mtoa taarifa: shahidi. Uhusiano wa shahidi na aliyeumiza: dada. Mashine ikataka aeleze alichokiona, naye akaandika kwamba hakuona, alisikia. Alikuwa sebuleni na mtoto, mlango ulifungwa mara mbili, na mara ya kwanza mtu angeweza kusema ni bahati mbaya. Akaandika pia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyejaza "ajali" miaka miwili iliyopita akijua si kweli. Hakuna swali lililomtaka aseme hivyo.

Mabenchini watu walianza kuguna. Mmoja aliuliza kwa sauti kama meza ya tatu imelala au imekufa, tujue tuombe mazishi. Mkuu wa ofisi alitoka, akaja kusimama nyuma yake na kalamu ya ubao mkononi, akafungua mdomo, akasoma mistari miwili mitatu ya kwenye kioo cha mashine, akafunga mdomo, akarudi chumbani kwake.

Mwisho mashine ilimtaka shahidi aweke kidole. Bi Vidole aliweka chake cha shahada juu ya taa ya kijani, na mashine ikakikataa. Akakifuta, akaweka tena, ikakataa. Alikuwa anakisukuma kama wateja wake. Tulia, alijiambia, usisukume, na safari hii kilisomeka.

Picha ya Mashavu ndiyo iliyoondoka kwanza. Ikafuata shule, simu, anwani, na ukurasa ukabaki mweupe wenye mstari mmoja katikati: Huna ruhusa ya kuona taarifa hizi. Mahali popote ambapo wifi yake angekwenda kuanzia saa hiyo, yeye hangejua. Aliumia, na alijua ameumia mahali panapostahili. Akamwambia mzee alete mkono.

Fundi Baridi alifika saa nane na nusu. Shuleni aliambiwa mtoto alichukuliwa na mama yake asubuhi, na kule nyuma ya gereji alikuta mlango haujafungwa na nguo za mtoto bado zina maji kwenye kamba. Alikaa ndani ya gari mpaka giza, kisha akarudi. Jumatatu alikuja ofisini, akapanda ngazi, akarudisha skrubu zote nane bila kumtazama mtu aliyekuwa chini yake, akakunja kitambaa. Nakala ya kurasa nne ilikuwa imekwenda polisi. Walimwita, wakamuuliza maswali mawili, naye akawatengenezea friji. Lakini faili halikufunguka kwa ajili yake, wala kwa ajili ya polisi wale.

Mkaguzi alikuja safari hiyo bila kutangaza. Alikuwa na karatasi iliyoonyesha kwamba faili moja lilifunguliwa mara nne kwa kadi moja. Bi Vidole aliandika maelezo: mara tatu kwa mkono wangu, mara moja kwa uzembe wangu. Jina la Jirani hakulitaja, na Jirani kwa wiki nzima alimletea chai na kuiweka mezani bila neno. Alipewa karipio la maandishi, na siku ya pili yake akaanza kuichomoa kadi kila alipoinuka. Alikuwa peke yake katika ofisi nzima, na watu wa mabenchini walimjua kwa hilo na kuikwepa meza ya tatu walipoweza.

Mwezi wa pili baada ya hapo, mama yake alikuja. Hakupitia mlango wa nyuma kama ndugu wa wafanyakazi wanavyofanya. Alipanga foleni tangu asubuhi, akachukua namba, akakaa kwenye kiti cha wateja akiwa na nguo yake ya kutokea. Alikuwa hajazungumza na binti yake tangu habari za polisi.

"Nimekuja kama mwananchi," alisema. "Nifungulie nimwone mjukuu wangu."

Bi Vidole angeweza kumweleza kwa mdomo. Badala yake aliandika ile namba, akakigeuza kioo cha mashine upande wa mama yake. Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa, akasoma kwa kufuatisha na kidole, neno moja moja, kwa sauti ambayo benchi la kwanza lote lilisikia: huna, ruhusa, ya kuona, taarifa, hizi.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, mama."

"Na kaka yako akija?"

"Ataandikiwa hivihivi."

"Nani kaweka haya?"

"Mimi."

Mama aliendelea kuyatazama yale maandishi, ingawa alikuwa ameshayamaliza. Mkono wake ulikuwa umebaki mezani, karibu na kioo cha vidole, na taa ya kijani ilimulika ncha zake.

"Ni kwa ajili ya kile kidole?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Sikuwahi kuamini kwamba ni mlango," mama alisema, akainuka, akatafuta pa kushika.

Bi Vidole aliichomoa kadi yake, akamshika mama mkono, akamsindikiza hadi getini. Nyuma yao mashine ilizima, na foleni nzima ikalalamika.